Pembe ya Lukombe

Nikiri mapema kabla hamjanishika shati: mara ya kwanza nilipoisimulia hadithi hii niliianza vibaya. Nilianza na sisimizi. Watu wakacheka, nami nikanogewa nikaongeza chumvi, na nilipofika kwa Nyanzala, aliyekuwa kule chini akisubiri, nusu ya ukumbi ilikuwa bado inafuta machozi ya kicheko. Hakuna aliyejua auweke wapi uso wake. Kosa langu, si lao. Basi safari hii naanzia panapostahili, na sisimizi watakuja wakijisikia.

Panapostahili ni chumba cha Ukuta, mjini Fukuto, saa kumi alasiri. Siwatu anaingia na chupa ya chai, na furaha ya mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

Siwatu alikuwa fundi vioo. Mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mfupi, mwepesi wa mkono, mwenye tabia ya kugusa kila kinachowaka kwa migongo ya vidole, kama mama anayempima mtoto homa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Usikae hapo, kuna pilipili."

Mzee Machibya, mlinzi wa zamu ya mchana, alikuwa kwenye kiti chake cha kamba kilichokwisha kubonyea kwa umbo lake, sahani ya mhogo wa kukaanga mapajani, macho kwenye Ukuta. Ukuta wenyewe ulikuwa kioo kimoja, kutoka sakafuni hadi darini, na juu yake vimepangwa vigae vya kijani, kimoja kwa kila mtu aliyekuwa chini. Na chini ni chini kweli: kwenye mahandaki ya mvuke, ambako wakwanguaji waliingia na suti za barafu kukwangua magadi yanayoganda ndani ya mabomba. Magadi yakiziba, mvuke haupandi. Mvuke usipopanda, Fukuto haina umeme wala maji ya kunywa, na juu ya ardhi siku hizo hakukuwa na pa kwenda kuyaomba.

Kigae kilionyesha mambo matatu tu: mstari wa barafu iliyobaki kwenye suti, alama ya pumzi inayopanda na kushuka, na kengele. Mkwanguaji akipata shida anabonyeza kifuani, kigae chake kinawaka weupe. Sauti haipiti kule, mvuke unanguruma mchana kutwa. Kwa hiyo mlinzi naye anajibu kwa taa: anagusa kigae, na taa inawaka kwenye kofia ya mwenye kigae. Mara moja: tumekuona, kaa hapo hapo, tunakuja. Mara mbili: toka mwenyewe. Mara tatu: jirani yako ana shida, mwendee. Basi. Zamani kulikuwa na mashine ya kupiga kelele yenyewe, lakini joto liliitia wazimu, ikawa inalia hata mtu akipiga chafya, mpaka watu wakaikata waya na kusema heri jicho la binadamu.

"Umekuja kumwangalia mgonjwa wako?" Machibya aliuliza, akiuelekezea Ukuta kidevu.

"Nimekuja kukuuliza. Leo umeona tofauti yoyote hapa?"

"Tofauti gani?"

"Yoyote ile, mzee."

Akatazama juu, akatazama chini, akitafuna. "Sukari umezidisha. Sisimizi wamerudi."

Siwatu akauma mdomo asicheke. Alikuwa anafungua kifuniko cha chupa pale pembe ya juu kulia ilipowaka weupe.

Machibya hakugeuza hata shingo. Alichukua fimbo yake ndefu yenye kitambaa nchani, akaigusa pembe ile mara moja, akarudi kwenye mhogo.

"Huyu Lukombe leo kaamka na wazimu wake. Tangu nianze kula, hii mara ya tatu. Nami namjibu tu. Tumekuona baba, kaa hapo, tunakuja!" Akacheka mpaka sahani ikatikisika. "Nimwendee na nini, na mhogo?"

Siwatu hakucheka. Chupa ilikuwa mkono mmoja, kifuniko mkono wa pili, na chai ilikuwa inamwagika kwenye kiatu chake bila yeye kujua.

*

Hapa nawakatisha, na najua mnanichukia. Lakini bila sisimizi hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima aliganda vile.

Ukuta ulikuwa kitu hai. Ulikuwa utando uliooteshwa, mwembamba kama ngozi inayoshika juu ya maziwa ya moto, na ulikula maji ya sukari kutoka kwenye mfereji mdogo sakafuni. Ndiyo sababu ya sisimizi, na ndiyo sababu Siwatu alizunguka kila asubuhi na majivu na ufagio kama mama wa maandazi. Utando ulikuwa na heri zake: haukula umeme mwingi, haukupasuka. Ila ulikuwa na ugonjwa mmoja. Ukiushikisha picha ileile, mahali palepale, mchana na usiku, mwaka nenda mwaka rudi, unachoka pale pale, na picha haitoki tena. Fukuto waliuita ugonjwa huo kovu. Unazima kioo, kovu linaendelea kukutazama.

Vioo vingine vyote vya mji vilikwisha kufa hivyo. Vilikuwa stoo, vimeegemezwa ukutani, kila kimoja kikionyesha siku ambayo haipo. Na mbegu ya utando ilikuwa ikija kutoka mbali, nchi ambayo ilikwisha acha kujibu salamu. Ukuta ulikuwa wa mwisho. Ukifa nao, hakuna mtu anayeruhusiwa kushuka, maana sheria ya Fukuto ilikuwa fupi: asiyetazamwa hashuki.

Basi Siwatu akaupa dawa. Akatunga picha inayotembea, nyekundu na nyeusi na nyeupe, korosho kubwa katikati na pindo pande zote, ipite taratibu juu ya kila tone la kioo, lililochoka lipumzike, lililokaa bure lifanye kazi. Watu wakaiita kanga. Ilipitishwa jioni, wakwanguaji wote wakishapanda, kwa sababu ikipita inafunika kila kitu, na ikishapita utando unataka saa nzima ya kula kabla haujaweza kuibeba tena. Walinzi waliipenda, isipokuwa Machibya.

"Kanga gani haina jina?" alilalamika. "Hiyo ni shuka."

Lakini kanga peke yake ilikuwa inachelewesha tu. Vigae vilikaa mahali pamoja mchana kutwa, na makovu yakazidi. Dawa ya kweli ilikuwa kuwahamisha watu: huyu wa pembeni aje katikati, wa katikati aende pembeni, kila baada ya siku kadhaa. Siwatu akaipeleka hoja barazani, na michoro yake, na diploma yake. Walinzi wakamkatalia kwa sauti moja.

"Mimi simsomi mtu," Machibya alisimama kusema. "Namjua anakokaa. Jina lenyewe umeliandika chini kwa herufi kama hao sisimizi wako. Nani anasoma jina la mkewe kabla hajamwita? Ukinihamishia watu wangu, mama, nitakuwa kama nimeingia nyumba ya jirani gizani."

Wakapiga makofi. Hoja ikafa.

Siwatu akarudi stoo, akaketi na vile vioo vilivyokufa, akanuna siku mbili. Siku ya tatu, ambayo ni jana ya hadithi yetu, kanga ilipokuwa inapita jioni, akawabadilisha watu wawili. Wawili tu. Pembe ya juu kulia, yenye kovu baya kuliko zote, ilikuwa ya Lukombe, mkwanguaji wa miaka mingi na mtani wa mji mzima. Kigae safi kuliko vyote, chini kushoto, kilikuwa cha Nyanzala, binti aliyeajiriwa majuzi. Hakumwambia mtu. Si kwa ubaya. Alitaka wiki ipite, kisha aingie barazani aseme: jamani, mmeona? Hamkuona. Alikwisha kuandaa hata utani wa kufungulia.

Alichosahau ni kwamba Lukombe, kila akikaa kupumzika kule chini, alikuwa na mchezo wake. Anabonyeza kengele, bila shida yoyote, amwamshe mzee. Mzee anamjibu taa moja. Mchezo wa miaka. Walinzi wote waliujua: pembe ya juu kulia ikiwaka, ni Lukombe, endelea kula.

*

Siwatu alinyamaza kwa muda wa kipande kimoja cha mhogo kutafunwa na kumezwa. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe hajajisamehe kipande hicho. Ndani yake alikuwa ameona baraza, ameona watu wakimwonyesha kidole, ameona Ukuta ukipewa fundi mwingine asiyejua hata sukari inatiwa kiasi gani.

"Mzee. Huyo si Lukombe."

"Nani si Lukombe?"

"Wa pembeni. Ni Nyanzala. Niliwabadilisha jana."

Machibya alimtazama kama anayesubiri mwisho wa utani. Mwisho haukuja. Akaweka sahani chini, akavuta kigoda, akapanda, akabandika pua kwenye kioo. Midomo yake ilisoma herufi moja moja. Aliposhuka alikuwa amezeeka.

"Nimemwambia akae."

"Ndiyo mzee."

"Mara tatu. Mtoto anapiga kelele, mimi namwambia kaa hapo hapo, nakuja." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Na atakuwa amekaa. Yule hajajifunza ukaidi bado."

Siwatu alikuwa tayari kwenye simu ya waya, anazungusha mpini wake. Upande wa pili alikuwa Tekla, mkuu wa winchi na wa waokoaji, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Winchi hapa!"

"Dada Tekla, ni Siwatu. Nyanzala ana shida, handaki la saba. Amebonyeza mara tatu, hakwenda mtu."

"Hakwenda mtu kwa nini?"

"Nitakueleza. Shuka."

"Nashuka. Barafu yake imebaki kiasi gani?"

Siwatu akageuka kuitazama pembe. Mstari ulikuwa unaonekana vizuri kabisa, umejaa kupita nusu. Machibya akafungua mdomo, "Theluthi m—"

"Usiseme!" Siwatu alimkata. "Hiyo si yake. Hilo ni kovu la Lukombe. Mstari wake umekaa hapo miaka, umeungua hapo. Hata suti ikiwa tupu utauona hivyo hivyo. Na kijani chenyewe ni cha zamani, na pumzi haionekani. Hapo kinachopenya ni kengele tu."

"Siwatu," Tekla akasema kwenye simu, sasa polepole, "sikiliza. La saba lina njia mbili. Ya Kisima ni ndefu, salama. Ya Jungu ni fupi, na inapita kwenye mvuke wenyewe. Mara ya mwisho nilipowapitisha watu Jungu, mmoja mpaka leo analala na macho wazi, kope hazifungi. Binti akiwa na zaidi ya robo, nazunguka Kisima na ninamkuta hai. Akiwa chini ya robo, nikizunguka nakuta suti. Mimi nina watu wanne hapa, wana watoto. Siwapeleki Jungu kwa kubahatisha. Lifti inafika chini sasa hivi. Nipe mstari."

Tekla akaacha simu wazi, maana waokoaji hushuka na simu yao, wakiburuta waya nyuma. Mlio wa winchi ukawa unasikika ndani yake, kama mtu anasaga mahindi mbali.

"Lukombe yuko jirani naye," Machibya alisema. "La nane. Yuko wapi sasa, we mama, umeniwekea wapi mtu wangu?"

"Chini kushoto."

Mzee akainama. Kile kigae kilikuwa safi kama maji: barafu nusu, pumzi inakwenda vizuri. Akagusa mara tatu. Jirani yako ana shida, mwendee. Wakasubiri. Kigae kikawaka weupe mara moja, kikatulia.

"Kaelewa," Siwatu alisema.

"Ama ananitania." Machibya alijifuta uso kwa kitambaa cha fimbo. "Mara tatu tumeshaiharibu mimi na yeye. Ijumaa huwa nampigia mara tatu. Maana yake jikoni kuna pilau."

"Leo Ijumaa?"

"Leo Ijumaa."

*

Kulikuwa na namna moja ya kuusoma mstari wa Nyanzala. Kumrudisha kwenye kioo safi. Na amri ya kuwarudisha watu wale wawili Siwatu alikuwa nayo, alikwisha kuitengeneza jana pamoja na ile ya kuwabadilisha. Ilikuwa kitufe kimoja. Amri nyingine yoyote ingemchukua mpaka kesho kuisuka. Lakini vigae havihami mchana kweupe kama watu wanaobadilishana viti. Huhama nyuma ya kanga. Na kanga ikianza, inapita Ukuta mzima, dakika nne hivi, haisimamishwi.

Chini kulikuwa na watu thelathini na kitu.

"Nikiipitisha, hatutaona mtu yeyote," Siwatu alisema. Alikuwa anaongea haraka, mikono inashika kitu na kukiacha. "Mtu akibonyeza katika dakika hizo, hatujui. Nisipoipitisha, Tekla atachagua njia kwa macho yaliyofumbwa."

"Na Lukombe?"

"Lukombe anarudi kwake."

"Kwenye kovu."

"Kwenye kovu, mzee. Mmoja wao lazima akae pale. Nikimwona Nyanzala, simwoni Lukombe. Na ndiye tuliyemtuma." Akamgeukia. "Nifanye nini? Niambie, mzee. Zamu ni yako."

Machibya alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Siwatu zaidi.

"Jana hukuniuliza," alisema.

Kwenye simu Tekla akaita, "Nimefika chini! Mstari!"

Siwatu akabonyeza.

Kanga ikashuka kutoka darini. Wekundu ukafunika safu ya juu, kisha ya pili, korosho nyeusi zikaja zikitembea polepole kwa raha zao, pindo likajikunja pembeni, na vigae vikazama kimoja baada ya kingine, kama taa za mtaa umeme unapokatika nyumba kwa nyumba. Ilikuwa nzuri. Siwatu aliwahi kujivunia uzuri huo. Sasa alisimama mbele yake akihesabu bila kujua anahesabu nini.

Mzee Machibya hakukaa. Alichukua fimbo, akaanza kuipitisha juu ya wekundu mtupu.

"Hapa Maziku. Hapa mdogo wake. Hapa Bi Sikujua, mguu mbaya, anakwenda polepole. Hapa Nchimbi. Hapa yule mrefu wa Nchimbi." Hakukosea hata mmoja, wala hakuruka. Aliwagusa wote, kwa upole, kama anayehakikisha watoto wamefunikwa shuka. Alipofika juu kulia, fimbo ikasimama.

"Unajua alikuja hapa?" alisema. "Lukombe. Siku ya sikukuu, zamu ilikuwa tupu, nikamkaribisha aone anavyoonekana. Akaitazama pembe yake hiyo kwa muda mrefu. Hakuna mtu chini siku ile, vigae vyote vimezimwa, na yeye bado anaonekana. Akaniuliza, 'Mzee, huyu ni mimi wa leo au wa mwaka jana?' Nikacheka. Naye akacheka."

"Ndiyo?"

"Kesho yake ndiyo akaanza mchezo wake wa kubonyeza."

Siwatu akakigeukia kile kitambaa chekundu kinachotembea. Miaka yote ile. Kila alipokaa kupumzika. Mtu amejua kwamba juu hawamwoni, hakutaka kumtia mzee aibu, hakutaka kupoteza kazi kwa sheria ya asiyetazamwa hashuki, akafanya utani. Nipo. Bado nipo. Endelea kula.

"Na mimi namjibu kwa mhogo," Machibya alisema.

*

Kanga ikapita. Vigae vikaibuka kuanzia juu, vyote kijani. Macho yao yalikimbia safu kwa safu: hakuna kengele. Hakuna aliyekuwa ameita gizani, au kama aliita, alikuwa ameacha.

Chini kushoto, kwenye kioo safi, Nyanzala. Mstari wake ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa. Pumzi inaruka ruka.

"Chini ya robo!" Siwatu alipiga kelele kwenye simu. "Chini kabisa, dada! Jungu!"

"Jungu," Tekla alisema, na wakamsikia akiwageukia watu wake: "Fungeni shingo. Anayetaka kubaki abaki sasa." Hawakusikia aliyebaki.

Kisha ikawa kungoja. Siwatu alipiga magoti mbele ya kigae kile kama anayepuliza jiko. Machibya alisimama nyuma yake, mkono begani mwake, na mkono ule ulikuwa mzito, na hakuuondoa. Mstari ukapungua. Ukapungua tena. Ukawa nukta.

Halafu ukapanda.

"Barafu haipandi," Siwatu alinong'ona.

"Imepanda. Naona."

Ulipanda taratibu, mpaka robo, ukapita robo kidogo, ukasimama. Pumzi ya Nyanzala ikaanza kutulia. Barafu haitoki hewani. Suti mbili huungana kwa mrija, mmoja akimpa mwenzake.

"Kafika!" Machibya alipiga kofi, akaangua kicheko chenye kilio ndani. "Kafika mjinga yule! Hakuja kutafuta pilau! Lukombe, mwanangu, nakupikia mimi mwenyewe, nakuchinjia…" Akakatika. Wote wawili, kwa wakati mmoja, walikuwa wameinua vichwa kuitazama pembe ya juu kulia.

Kijani. Mstari umejaa kupita nusu. Kama jana. Kama mwaka jana.

"Alikuwa na nusu," Siwatu alisema. "Kabla hajatembea. Kabla hajampa."

Simu ikakwaruza. Tekla alikuwa anahema. "Tumempata. Mzima. Miguu imeungua, lakini analia, na anayelia ana pumzi. Tunamrudisha kwenye lifti."

"Na Lukombe?"

"Lukombe gani? Yuko peke yake hapa."

Wakamsikia akimuuliza binti, sauti zikizama kwenye mvuke na kurudi. "Anasema alikuja, akamfungia mrija, akamketisha mbali na ufa wa bomba unaovuja mvuke. Halafu akaondoka. Alimwonyesha kwa mikono kwamba anakwenda kuwapokea waokoaji awaonyeshe njia." Tekla akashusha sauti. "Kaelekea Kisima, Siwatu. Alidhani tutazunguka. Mtu mwenye akili angezunguka."

"Mfuateni!"

"Nina mtu wa kubeba, na suti zangu zimetoboka kwa Jungu. Namfikisha huyu kwenye lifti, nachukua suti nyingine, narudi. Lakini Kisima ni refu, nataka kujua namtafutia mwanzoni au mwishoni. Barafu yake imebaki kiasi gani?"

Siwatu aliitazama saa iliyofungwa kwenye mfereji wa sukari, ya kupima utando unavyokula. Utando ulikuwa umeanza tu kula. Kanga ya pili, saa nzima.

"Siwatu? Nipe mstari wa Lukombe."

Machibya alikwisha inua fimbo. Aligusa pembe mara moja. Tumekuona. Kitambaa kikawa kinagonga gonga kioo, na haikujulikana tena amemwambia mtu wa chini nini, akae, atoke, au pilau iko tayari. Akaishusha fimbo. Akatafuta kiti chake kwa mkono, akakikosa, akakaa sakafuni, kwenye chai iliyomwagika na sisimizi wake.

Siwatu akapanda kigoda. Akainyooshea pembe mkono, akaigusa kwa migongo ya vidole. Ilikuwa na joto. Ilikuwa na joto lake la kila siku, na chini ya vidole vyake kile kijani kizuri, ule mstari uliojaa, havikutikisika hata kidogo.

"Siwatu!" simu iliita sakafuni. "Jamani, mstari!"

Akasogeza uso karibu na kioo, kama vile sauti ingepita, kama vile kule chini kulikuwa na sikio lililowekwa upande wa pili.

"Lukombe," alisema. "Kaka. Nakutazama hapa, mzee ameacha kula. Bonyeza. Mara moja tu, hata kwa utani. Bonyeza."